Tazama Uani Kwako: Picha za Maua na Ndege

Leo nataka tuzungumze juu ya kazi moja ambayo wengi wetu hudhani ni ya wageni tu, nayo ni kupiga picha za maua na ndege. Akipita mtu mwenye kamera ndefu kama mchi, akielekea Ibanda-Kyerwa au Rumanyika-Karagwe, ambazo zilifanywa hifadhi za taifa mwaka 2019, twasema: "Huyo ndiye mpiga picha." Sisi wenyewe simu tunazo mfukoni, lakini twapiga picha za arusi, za komunyo ya kwanza na za misiba tu. Uani kwetu hatupigi hata moja, kwa sababu twaona hakuna kitu.

Je, ni kweli hakuna kitu? Hebu niwaulize maswali matatu. Ua la boga katika kibanja chako hufunguka saa ngapi? Ni ndege gani anayechana majani ya migomba yako kuwa nyuzi nyembamba, naye hupeleka wapi nyuzi hizo? Na mara ya mwisho kumwona korongo mwenye taji bondeni karibu na kwenu ilikuwa mwaka gani? Wengi wetu, wakubwa kwa wadogo, hatuwezi kujibu. Twaishi nao nyua moja, lakini hatuwajui.

Basi neno langu la leo ni hili: kipige picha kilicho karibu nawe. Hicho ndicho utakachokiona kila siku, ndicho utakachokijua vizuri, na siku kitakapoanza kupungua, wewe ndiwe utakayetambua kabla ya mtu mwingine.

MGONJWA ALIYEKUSANYA MAUA

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu ya Karagwe. Mwezi wa Novemba 1861 walifika hapa Waingereza wawili, John Hanning Speke na James Augustus Grant, wakitafuta chanzo cha Mto Nile. Mukama Rumanyika aliwapokea vizuri. Mwezi wa Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant hakuweza kumfuata, maana mguu wake ulikuwa na kidonda kibaya, akabaki hapa Karagwe chini ya ulinzi wa Rumanyika mpaka mwezi wa Aprili, alipochukuliwa kwa machela.

Sasa sikilizeni. Grant alikuwa mpiga picha. Mwaka 1860 alipiga picha huko Unguja. Lakini kamera za siku zile zilikuwa mizigo mizito, na vioo vya picha vilitiwa dawa ndani ya hema dogo lenye giza na joto kali. Kazi ile ilimshinda mtu katika nchi ya jua. Basi akaiacha kamera, akashika penseli na rangi za maji. Tena alikusanya mimea njiani, akaikausha, akaiandikia mahali ilipotoka. Mingine ilitoka hapa Karagwe. Wataalamu wa mimea wa Uingereza waliichunguza, na kuanzia mwaka 1872 habari zake zilichapishwa katika kitabu cha chama cha Linnean Society cha London, pamoja na michoro yake. Hata leo mtaalamu akitaka kujua ni mimea gani iliyoota katika nchi hizi zaidi ya miaka 160 iliyopita, aweza kutazama humo.

Yafaa tutie moyoni mambo mawili. La kwanza, mtu aliyelala na mguu mbovu alikuwa katika nchi yenye vitu vya kutosha kuandikwa vitabuni. Nasi twaishi katika nchi ile ile. La pili, kile chombo kilichomshinda Grant kwa uzito, sasa mtoto wa darasa la tano hukichezea jikoni. Kilichobaki ni macho na subira.

MWANGA WA ASUBUHI

Kwanza tuseme juu ya mwanga, maana picha ni mwanga tu. Sisi twakaa karibu kabisa na ikweta. Saa sita mchana jua liko utosini. Wakati huo ua jeupe huonekana kama karatasi tupu, na ndege huwa na kivuli cheusi usoni. Kwa hiyo piga picha tangu saa moja mpaka saa tatu asubuhi, na tena tangu saa kumi jioni mpaka jua linapokaribia kuzama. Asubuhi ndiyo bora zaidi. Upepo haujaamka, umande bado upo juu ya majani, na ndege wana njaa, kwa hiyo hawakawii kutoka.

Kabla ya kupiga, pangusa kioo kidogo cha kamera nyuma ya simu kwa kitambaa laini kilicho safi. Simu inayokaa mfukoni pamoja na sarafu na vumbi la ugoro haiwezi kuona vizuri. Asubuhi za ukungu, kama zile za vilima vyetu, kioo hicho hupata unyevu, pangusa tena. Zima taa ya simu. Bana viwiko kifuani, shika simu kwa mikono miwili, tulia, ndipo ubonyeze. Tena usivute picha kwa vidole ili kitu kionekane karibu. Simu nyingi hukuza tu madoa. Kama ni ua, sogea kwa miguu yako. Kama ni ndege, nitasema hapa chini namna ya kufanya.

MAUA: PIGA GOTI

Kosa la wengi ni kupiga picha ya ua wakiwa wamesimama wima, wakilitazama kama bwana anavyomtazama mtumishi. Ua lipigwe picha kwa kimo chake. Kama ni ua la harage, piga goti. Kama ni ua dogo la majani ya njiani, lala kifudifudi juu ya gunia. Hapo utaona mambo ambayo hukuyaona tangu kuzaliwa.

Angalia pia nyuma ya ua. Kama nyuma kuna ndoo ya plastiki, kamba ya nguo na mlango wa choo, macho ya mtazamaji yatakwenda huko. Sogea hatua moja kushoto au kulia mpaka nyuma yake pawe na kivuli cha mgomba au jani moja pana la kijani. Jani la mgomba ni pazia zuri kuliko yote, nasi tunayo mapazia hayo bila kununua.

Kwa ua jeupe, liguse juu ya kioo cha simu. Katika simu nyingi itatokea alama ndogo ya jua. Ishushe kidogo kwa kidole mpaka uone mishipa ya ua. Usipofanya hivyo, weupe wote utakuwa kitu kimoja.

Anza na ua la kahawa. Baada ya kiangazi, mvua ikinyesha ya kutosha, mibuni huchanua pamoja kama iliyopigiwa kengele, na kibanja chote hunukia. Lakini maua hayo hayakai. Siku mbili tatu tu yanaanza kukauka. Ukisema "nitapiga picha Jumapili", Jumapili utakuta rangi ya kahawia. Piga asubuhi ile ile. Ukitazama vizuri utaona nyuki wakipita toka tawi hadi tawi. Na hapo kuna jambo la mkulima: robusta, kahawa ambayo wengi wetu twailima, haizai kwa vumbi la ua lake yenyewe. Yahitaji vumbi la mti mwingine, lililoletwa na upepo au na wadudu. Basi picha ya nyuki juu ya ua la robusta ni picha ya mfanyakazi wako asiyedai mshahara. Anayemwona katika picha atafikiri mara mbili kabla ya kunyunyizia dawa ya wadudu wakati wa maua.

Baada ya kahawa, nenda kwenye boga. Maua yake hufunguka alfajiri, na jua likipanda hujifunga. Piga picha maua mawili: moja lenye kiboga kidogo chini ya ua, na moja lenye kikonyo kitupu. La kwanza ni jike, la pili ni dume. Watoto wengi hujifunza habari hii kwa maneno ya kitabu, wakasahau siku ya pili baada ya mtihani. Wakiiona katika picha waliyoipiga wenyewe nyuma ya nyumba yao, hawaisahau.

MKUNGU NA TUMBA LAKE

Sasa nije kwenye mgomba, maana bila mgomba hatuna uani. Lile tumba jekundu linaloning'inia chini ya mkungu, ambalo ni ua dume, lina utomvu mtamu, na ndege wadogo waitwao chozi hulipenda sana. Dume la chozi lina manyoya yanayometameta kama mafuta juu ya maji. Mdomo wake ni mwembamba, tena umepinda kama sindano ya kushonea magunia. Ukitaka picha yake, usimfukuze. Simama karibu na tumba lililofunguka, utulie, atakuja mwenyewe.

Lakini hapa yatupasa kusema kweli yote. Tangu katikati ya miaka ya 2000 mkoa wetu wa Kagera umeteswa na mnyauko wa migomba, ugonjwa unaoletwa na bakteria. Wadudu wanaotembelea tumba hilo huweza kuuchukua toka mgomba mgonjwa hadi mzima. Kwa hiyo tumefundishwa kuliondoa ua dume mara chane ya mwisho inapotokea, tena kulivunja kwa mti wenye panda wala si kwa kisu, maana kisu nacho huchukua ugonjwa. Je, mpiga picha aliache tumba kwa ajili ya chozi? La, hasha! Chakula cha watoto ni kwanza. Piga picha zako katika zile siku chache ambazo chane zinafunguka moja moja. Chane ya mwisho ikitokea, chukua mti wako wa panda ufanye kazi. Chozi hatakufa njaa. Panda maua mekundu au ya manjano karibu na ua wako, naye atahamia huko.

Tena, kamera hiyo hiyo yaweza kukuponyesha migomba. Ukiona majani machanga yamelegea na kugeuka manjano, au ndizi zimeiva kabla ya wakati, au ukikata ndizi ukakuta ndani pana rangi ya kahawia, piga picha. Piga jani, piga mkungu, piga ndizi iliyokatwa, kila moja mchana penye mwanga wa kutosha, kisha umtumie bwana shamba siku hiyo hiyo. Yeye aweza kuwa na vijiji vingi na pikipiki moja. Picha tatu zilizo wazi zitamweleza zaidi kuliko simu ndefu yenye maneno "migomba yangu inaumwa". Mtu aliyezoea kupiga picha ya ua kwa uangalifu ndiye atakayepiga picha ya ugonjwa ikaonekana.

NDEGE: WAACHE WAJE

Kupiga picha ya ndege kwa simu ni kazi ngumu kwa mtu mwenye haraka. Ukimwendea, ataruka. Kwa hiyo usimwendee, mfanye aje.

Weka sahani pana ya udongo au kifuniko cha ndoo juu ya gogo, utie maji kina cha vidole viwili tu. Pawe mahali pa wazi ili paka asijifiche karibu, lakini pawe na tawi moja la kutua. Badilisha maji kila siku na uisugue sahani, kusudi mbu wasizaliane na ndege wasiambukizane magonjwa. Katika miezi ya kiangazi, Juni mpaka Agosti, wageni watakuwa wengi. Utamwona shomoro, na njiwa, na kile kindege cheusi na cheupe kinachotikisa mkia uani kama mtu asiyekubali kukaa. Labda atakuja na kwarara, yule mkubwa wa rangi ya majivu mwenye mdomo uliopinda, anayetuamsha alfajiri kwa kelele.

Baada ya siku chache, wakishazoea, chomeka kijiti ardhini hatua mbili kutoka kwenye sahani, ufunge simu juu yake. Iweke ipige picha za sinema, kisha uende zako ukapalilie. Rudi baada ya robo saa. Katika sinema hiyo chagua dakika nzuri, usimamishe, utoe picha moja. Namna hii yashinda kujikunyata saa nzima, tena ndege hana hofu kwa kuwa mtu hayupo.

Kuna ndugu wawili wa Uingereza, Richard na Cherry Kearton, watoto wa mashamba ya Yorkshire, walioanza kupiga picha za viota mwaka 1892. Kitabu chao cha viota vya ndege wa Uingereza kilitoka mwaka 1895, na picha zake zilikuwa za kamera. Kamera yao ilikuwa sanduku zito, basi iliwabidi wafike karibu sana na ndege. Wajua walifanyaje? Walitengeneza ng'ombe wa bandia kwa ngozi ya ng'ombe, ndani yake wakaacha nafasi, mtu akasimama humo na kamera yake. Ndege hawakushtuka, maana ng'ombe ni jirani yao.

Msomaji wa Karagwe na Kyerwa haitaji ng'ombe wa bandia, kwa sababu wa kweli wapo. Toka na mchungaji asubuhi, utembee polepole upande wa pili wa ng'ombe. Yangeyange, wale weupe, hufuata ng'ombe ili wale wadudu wanaorushwa na kwato. Watakuacha ukaribie kuliko siku uendapo peke yako. Ndiyo akili ile ile ya ndugu Kearton, ila haina gharama.

KIOTA KINA MWENYEWE

Mnana ni ndege wa kutazamwa na watoto wa shule. Dume huchana jani la mgomba au la nyasi, akalisuka kwa mdomo mpaka kiota kining'inie kama kikapu. Jike huja kukagua. Likikataa, dume hukibomoa, aanze upya. Kazi hiyo yote hufanyika hadharani, juu ya mti, nawe waweza kuipiga picha kwa siku kadhaa mfululizo bila kumsumbua mtu.

Lakini viota vilivyofichwa ni habari nyingine. Usikate matawi ili kamera ione vizuri. Matawi hayo ndiyo paa la mwenye nyumba, na ukiyakata, jua litawaua makinda au kunguru atawaona. Usiguse mayai. Usikae kiotani dakika nyingi. Mama akiwa nje, mayai yanapoa. Usikanyage njia ile ile kila siku, maana paka hufuata njia ya mtu. Na kama kiota kiko katika kibanja cha jirani, piga hodi kwanza, maana mtu anayenyemelea na simu katika kibanja cha mwenziwe huzua maneno.

Mvulana mmoja wa jirani yangu alikuwa haachi manati shingoni. Siku moja nilimpa simu, nikamwambia anipatie picha ya chozi aliyekuwa akiingia katika kichaka cha maua kando ya njia. Alikaa kimya kuliko anavyokaa darasani. Aliporudi, alinionyesha picha iliyotikisika, lakini mdomo wa ndege ulionekana umebeba kitu. Akaniambia: "Karani, kumbe ana watoto!" Manati hakuitupa. Alifungua mpira wake, akautumia kufungia simu kwenye kijiti. Nami nikaona kuwa amefanya vizuri kuliko kama angeitupa.

KORONGO WA MABONDENI

Sasa nirudi kwenye swali la korongo mwenye taji la dhahabu kichwani. Hakai uani hasa, lakini hushuka mashambani kula, na hutaga katika majani ya mabonde yenye maji. Wazee wetu walimwona kama mtu amwonavyo kuku wa jirani. Ndugu zetu wa Uganda wamemweka katika nembo ya taifa lao.

Wataalamu walikadiria kwamba mwaka 1985 korongo hao walikuwa zaidi ya 100,000 katika Afrika yote walimokaa. Mwaka 2004 walikadiriwa kuwa kati ya 50,000 na 64,000. Mwaka 2012 wakaandikwa katika orodha ya viumbe walio hatarini kutoweka duniani. Sababu ni mabonde kukaushwa ili yalimwe, mayai na makinda kuchukuliwa, watu kuwakamata wauzwe wangali hai, na sumu mashambani.

Hapa ndipo picha ya mwanakijiji inapokuwa na thamani kuliko ya mtalii. Mtalii hupita siku moja, akapiga korongo mmoja, akaenda kwao. Wewe upo mwaka baada ya mwaka. Ukipiga picha bonde lako kila mwezi wa Januari, na kuhesabu korongo walio katika picha, baada ya miaka mitano una ushahidi ambao hakuna ofisi inayoweza kuupuuza. Lakini uwe na busara: picha ya kiota cha korongo usiirushe ovyo kwa watu usiowajua, wala usitaje mahali kilipo. Si kila anayeuliza ni rafiki wa ndege.

PICHA ISIYOANDIKWA IMEPOTEA

Mimi kazi yangu ni vitabu vya parokia. Mtu akija kutafuta cheti cha ubatizo, sitazami sura yake. Natafuta jina, tarehe na mahali. Bila hayo matatu, hata mtu akiwa amesimama mbele yangu, kitabuni hayumo. Picha nayo ni hivyo hivyo. Ndege mzuri asiye na jina, tarehe wala mahali ni pambo tu. Mwaka wa pili hata wewe utasahau ulimwona wapi. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nunua daftari la kurasa 48. Kila picha unayopenda, andika mstari mmoja: tarehe, mahali, aliyepiga, jina la kiumbe, na alikuwa akifanya nini. "Chozi dume, ua dume la mgomba, nyuma ya jiko, saa mbili asubuhi, baada ya mvua." Inatosha.

Jina je? Andika majina mawili. La kwanza ni la Kinyambo, au la lugha yoyote ya nyumbani kwenu. Mpelekee bibi picha hiyo jioni, umwamkie, umwulize: "Huyu mlimwitaje zamani?" Atakwambia na jina, na wimbo, na sababu ya mti wa omuramura kupandwa mpakani, na mengine usiyouliza. Fanya hivyo mapema. Majina mengi yamo vichwani mwa wazee tu, na mzee akiondoka, hakuna pa kuyatafuta. Jina la pili ni la Kiswahili au la kitaalamu. Kuna programu za simu, kama iNaturalist, ambazo hutazama picha na kukupendekezea jina, na watu wenye ujuzi hulisahihisha. Ni msaada mzuri, lakini programu haijui bibi yako alimwitaje ndege huyo.

Mwishowe, usiiamini simu peke yake. Simu huanguka majini, huibwa, hujaa, na watoto hufuta. Kila mwaka chagua picha sita, uzichapishe dukani uendapo Kayanga au Nkwenda, na nyuma ya kila moja uandike kwa kalamu ule mstari wa daftari. Zitie katika bahasha pamoja na hati za kibanja. Hati zitawaambia wajukuu mipaka ya kibanja iko wapi; picha zitawaambia kilichokaa ndani ya mipaka hiyo.

KAZI YA MWAKA MMOJA

Ndugu msomaji, sitaki uanze na mambo makubwa. Chagua mmea mmoja na ndege mmoja. Mmea uwe mbuni ulio karibu na mlango, au boga, au mti ule wa maua mekundu unaopukutisha majani kabla ya kuchanua. Ndege awe yule anayekuja mwenyewe. Kila juma wapige picha, mahali pale pale, asubuhi. Wazazi wakabidhini watoto zamu, kaka wiki hii, dada wiki ijayo, na aliyepiga aandike jina lake daftarini.

Mwaka ukiisha, kaeni wote sebuleni jioni moja, mfungue daftari mbele ya wageni wa Noeli. Mtajua mvua ilianza lini, kahawa ilichanua siku gani, ndege yupi alikuja na yupi hakurudi. Kama hakurudi, ulizaneni kwa nini: ni mti uliokatwa, ni bonde lililokauka, au ni dawa iliyonyunyizwa? Mkilijua jibu, mtajua na la kufanya msimu ujao. Kesho asubuhi kabla ya kushika jembe, fungua mlango wa nyuma, utazame.